Kizimkazi: boti ngapi kwa kundi moja la pomboo?

Saa moja na nusu asubuhi, kusini mwa Unguja, bahari shwari. Nahodha wetu ameinua mkono kumwonyesha mwenzake mapezi matatu yaliyochomoza majini, moja dogo limebana ubavuni mwa kubwa. Mama na mtoto, na mwingine pembeni yao. Hazikupita dakika tano mapezi yale matatu yakawa yamezungukwa na boti saba. Wageni wamekaa ukingoni, miwani ya kuzamia usoni, na sauti ikatoka kila boti: "Ruka! Ruka!" Wakaruka. Pomboo wakazama. Wageni wakapanda tena wakitiririka maji, mashine zikawashwa, tukawafuata mita mia mbili mbele, na "Ruka!" ikaanza upya. Mara ya tano mama aliibuka, akavuta pumzi, akageuka upande wa bahari kuu, na mtoto nyuma yake.

Kwenye boti yetu tulikuwa sita. Tulilipa zaidi ili tuwe sita, maana safari iliuzwa kwa sifa hiyo: kundi dogo, utalii wa kuwajibika. Lakini boti ya jirani ilikuwa na watu wanane, na ile ya mbele yetu watano. Kizimkazi hakuna boti ya kubeba watu hamsini. Ni boti za mbao au faiba, turubai juu, mashine moja ya kupachika nyuma. Kila kundi lililokuwepo pale lilikuwa dogo. Kwa pomboo aliyeko chini, makundi madogo saba ni mashine saba.

Mjadala wa utalii wa pomboo umekwama hapo. Tunahesabu abiria ndani ya boti, wakati pomboo anahesabu boti.

Kati ya 1999 na 2002 watafiti waliwatambua pomboo wa pwani hii mmoja mmoja kwa makovu na mikato ya pezi la mgongoni. Makadirio yao ni pomboo kati ya 136 na 179 wa ile aina wanayoifuata wageni, na wengine wapatao 60 wa aina yenye nundu, ambayo duniani sasa imo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Nimeikalia sana hesabu hiyo, na kila nikiirudia naiona ndogo zaidi. Pomboo 136 hawajazi hata madarasa matatu ya shule zetu. Chukua asubuhi ya boti ishirini, watu wanane kila boti: wageni 160 majini. Karibu kila pomboo wa aina hiyo ana mgeni wake wa kumrukia, na saa tatu haijafika.

Tena pomboo si dagaa. Jike hubeba mimba mwaka mzima, hunyonyesha muda mrefu, na kati ya mtoto na mtoto hupita miaka mitatu au zaidi. Ukitoa madume, ukatoa wadogo, watoto wote wanaozaliwa hapa kwa mwaka unaweza kuwahesabu kwa vidole vyako. Lile pezi dogo tulilolikimbiza mara tano lilikuwa mmoja wa hao.

Utafiti mwingine, uliochapishwa 2010, uliangalia pomboo wanafanya nini boti zikiwepo na zisipokuwepo. Boti zikifika, muda wa kupumzika, wa kula na wa kuchezeana unapungua, na muda wa kusafiri unaongezeka zaidi ya maradufu. Neno "kusafiri" ni la kitaalamu. Mtu wa kawaida angesema wanakimbia. Pomboo hulala nusu ya ubongo, nusu nyingine ikibaki macho ili apande juu kupumua, na mapumziko hayo anayahitaji kama wewe unavyohitaji usingizi wako. Wageni wanamfikia akiwa amelala, kisha wanashangaa kwa nini hachezi nao.

Wanaotaka hatua kali wana hoja, na hoja yenyewe ni nzito. Wanasema kuogelea na pomboo kupigwe marufuku kabisa, watu wawatazame kutoka botini tu. Au leseni zipunguzwe zibaki kampuni chache, zenye bei ya juu na waongozaji waliosomea. Wanaonyesha Chumbe, kisiwa kilichotangazwa hifadhi mwaka 1994: nyumba saba za wageni, idadi ya wanaoshuka inajulikana, waliokuwa wavuvi ndio walinzi, na matumbawe yake yanasifiwa na kila anayeyaona. Chumbe imefanikiwa, sina ubishi. Lakini Chumbe ina lango moja na msimamizi mmoja, na mwamba hauhami. Pomboo wanazunguka ndani ya Ghuba ya Menai, hifadhi ya kilomita za mraba 470 iliyotangazwa 1997, na kila kijiji kandokando yake kina vyombo. Ukiweka leseni tano za bei kubwa, anayepata leseni ni mwenye mtaji wa mjini au wa ng'ambo, na nahodha wa Mkunguni, kimoja cha vijiji viwili vya Kizimkazi, anageuka kuwa mtazamaji pwani kwake.

Hapo ndipo ninapoona watu hawa wanahukumiwa bila kueleweka. Picha zinazosambaa mitandaoni zinamwonyesha nahodha wa Kizimkazi kama mtu asiyejali. Hazionyeshi kwamba kabla utalii huu haujaanza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, pomboo wa hapa walikuwa wakivuliwa, na nyama yao ikitiwa ndoana kuwa chambo cha papa. Uwindaji huo haukukomeshwa na askari. Ulikoma ndani ya miaka michache kwa sababu wanakijiji wenyewe waliona pomboo aliye hai analeta riziki kuliko chambo. Sijui vijiji vingapi vimebadilika haraka kiasi hicho kwa semina.

Manahodha wana hoja ya pili ambayo haijibiwi: nyavu. Pomboo wananasa na kufa katika majarife yanayotegwa usiku, na watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar walipohesabu vifo hivyo walikuta vinazidi kile ambacho idadi ndogo namna hii inaweza kuhimili. Jarife linamuua pomboo gizani na hakuna anayelipiga picha. Boti ya mgeni inamchosha mchana, mbele ya kamera ishirini. Hilo halifanyi kuchoshwa kuwe halali. Ila mtu anayeambiwa kila siku kuwa yeye ndiye adui wa pomboo, huku jarife likipita kimya, ana haki ya kuuliza kwa nini ni yeye tu.

Halafu bei. Safari inauzwa hotelini Paje, Jambiani au hata Nungwi. Muuzaji ana chake, papasi, yaani dalali wa mitaani aliyemleta mgeni, ana chake, gari la kuwateremsha lina lake. Kinachofika pwani ndicho kinunue petroli, kimlipe mwenye boti na mabaharia. Na kabla nahodha hajawasha mashine, ahadi imekwishatolewa na mtu ambaye hatatia hata mguu majini: mtaogelea na pomboo. Mgeni akirudi hajaogelea, anadai pesa zake, na hazidaiwi kwa aliyeahidi. Bakshishi nayo inategemea kurukia karibu. Nahodha wetu miongozo anaijua kwa moyo: kwenda polepole, kuwakaribia kwa ubavu, kutowakatia njia mbele, kutomtenganisha mama na mtoto. Alinieleza yote wakati tunarudi, bila kuangalia karatasi. Asubuhi ile aliivunja yote, na sababu aliisema mwenyewe: akisimama yeye peke yake, boti sita zitaendelea, pomboo watakimbia vilevile, na abiria wake ndio watakaolalamika.

Semina nyingine haitamsaidia, kwa sababu maarifa anayo. Anachokosa ni uhakika kwamba mwenzake naye atazima mashine.

Uhakika wa namna hiyo pwani yetu inajua kuutengeneza. Kisiwa Panza, Pemba, wanafunga mwamba wa pweza kwa miezi, hakuna wa kuingia na mkuki wake, na siku ya kuufungua kijiji kizima kinashuka. Wanaoulinda ni wenyewe kwa wenyewe. Atakayesema wavuvi hawawezi kujiwekea mpaka, aende akaone siku hiyo. Nikubali hata hivyo kwamba pweza ni mwepesi kuliko pomboo. Anakua haraka, na aliyevumilia miezi mitatu anaona faida ndani ya kapu lake. Nahodha akiacha kumkimbiza pomboo leo, hakuna kapu linalojaa kesho. Faida ni mtoto wa pomboo atakayeishi, na hilo halionekani sokoni.

Ndiyo maana naamini zamu haitasimama bila mgao. Boti mbili, au tatu kwa wingi, kwa kundi moja la pomboo, kwa nusu saa, kisha ziwapishe nyingine au ziondoke kabisa. Kukiwa na mama na mtoto, hakuna kuruka. Na mapato ya asubuhi yaingie mfuko mmoja, yagawanywe kama samaki wanavyogawanywa chombo kinaporudi: sehemu ya chombo, sehemu ya mashine, sehemu ya mabaharia, na sehemu ya boti zilizobaki pwani siku hiyo kwa sababu zamu haikuzifikia. Mgeni aambiwe hotelini, kabla ya kulipa, kwamba ananunua safari ya baharini, na kuogelea si ahadi. Bei ipande kwa sababu hiyo, na kilichopanda kifike pwani. Kama tangazo litataja kundi dogo, litaje na idadi ya boti.

Wahifadhi watasema hii ni kidogo mno, kwamba hata boti mbili zinamwamsha pomboo aliyelala. Wana haki. Mimi nachagua boti mbili zinazotii kuliko marufuku ambayo doria itailinda wiki moja, halafu jarife na "Ruka!" virudi pamoja.

Wazo la mgao nililisema botini tulipokuwa tunaikaribia Dimbani, kijiji cha pili cha Kizimkazi, paa la ule msikiti wa zamani likionekana. Nahodha alizima mashine tukawa tunateleza. Boti nne zilikuwa bado nyuma yetu, zinazunguka pale pale tulipowaacha wale watatu. Baharia wake kijana, anayekunja kamba mbele, alicheka: mtu akae pwani anywe kahawa, halafu apewe pesa? Nahodha hakucheka. Alimuuliza kijana ni siku ngapi mwezi uliopita wao wenyewe walikaa pwani bila mgeni hata mmoja. Kijana akahesabu kwa vidole, akamaliza mkono mmoja, akaanza wa pili.