Haijafa, fundi

"Bosi, hiyo imekufa. Lete elfu hamsini tukupigie mfumo mpya." Ndivyo alivyonipokea fundi Jumamosi hapa Busia, hata mfuko niliobebea kompyuta hajaufungua. Nikamwambia nimetoa tu ile diski kuukuu iliyokuwa inagonga-gonga, Linux yangu, yaani mfumo unaoendesha kompyuta, iko kwenye diski iliyobaki. Akatafuna chapati yake. "Si nimekwambia? Imekufa."

Haijafa! Siku ile ya kusakinisha, mfumo ulikwenda diski ya pili, GRUB, programu ndogo inayouamsha mfumo ukiwasha kompyuta, ikaketi diski ya kwanza, na mimi nikabonyeza "endelea" bila kusoma. Kwa hiyo nilipoichomoa ile ya kwanza niliondoka na bawabu na ufunguo wake. Nyumba na vyombo viko palepale. Kipande cha kuanzia cha hiyo GRUB hakizidi baiti 446, kama herufi 446 hivi. Tangazo la msiba redioni lina herufi nyingi kuliko hizo. Kwa ajili ya hizo ndiyo ufute faili zote za mtu?

Mwaka juzi mweka hazina wa kikundi chetu cha akiba alipigiwa mfumo mpya hivihivi, diski ikafutwa yote. Hesabu za miaka 3 zikaenda. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba vitabu vya wanachama ili anakili upya, huku nyuma watu wananong'ona kwamba amekula pesa. Mama wa watu alikonda tukimwona. Fundi alilipwa, akapewa na soda.

Haya, najua kodi ya kibanda hailipwi kwa kuhangaika saa nzima na amri. Lakini kuuliza "una kitu humu ndani?" kunagharimu shilingi ngapi?

Nikarudi nyumbani, nikawasha kwa flashi yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. (Jina hilo lina maana ya utu, Waganda wana obuntubulamu yao. Fundi wangu hana habari na yote mawili.) Diski ambayo Linux iliiita sdb sasa inaitwa sda, basi nikapachika kizigeu chake chenye mfumo, /dev/sda2, kwenye folda ya /mnt, nikaunganisha nayo folda za /dev, /proc na /sys kwa mount --bind, nikaingia ndani ya mfumo wangu kwa amri ya chroot. Kisha nikairudisha GRUB kwa grub-install /dev/sda, diski nzima, si kizigeu sda2. Mwisho update-grub, iandike upya orodha yake ya mifumo ya kuwasha. Kompyuta yangu huwaka kwa BIOS, njia ya zamani; mwenye UEFI, njia mpya, apachike kwanza kizigeu cha EFI. Umeme ukakatika katikati, nikaanza upya.

Ikawaka, halafu ikaduwaa. Sekunde 90 inaisubiri diski iliyolala mezani pangu, kisha ikanitupa kwenye hali ya dharura. Kumbe mstari wake ulikuwa bado kwenye /etc/fstab, faili yenye orodha ya diski za kupachika mfumo ukiwaka. Nikauwekea # mbele ili urukwe, kwisha.

Jumatatu fundi akapita dukani kwangu kuchapisha risiti. Akaitazama mashine inavyofanya kazi, akaniangalia mimi.

"Kumbe uliipeleka Kampala?"