Mtoto ni wangu sawa, ila mwili ni wake

Jamani hii ishu ya shule za nje kuwaficha wazazi kwamba mtoto wao anataka kuitwa wa jinsia nyingine imeshafika kwenye magrupu ya wazazi hapa Dodoma na kila anayeituma anaandika serikali inatupora watoto. Kwenye la kuficha mimi nipo na wazazi kabisa. California mwaka 2024 walipitisha sheria kwamba mwalimu asilazimishwe kumwambia mzazi mwanae anataka kuitwa wa jinsia nyingine, wakati Saskatchewan kule Kanada 2023 walienda kinyume, aliye chini ya miaka 16 lazima mzazi aridhie. Sasa mwanangu ana jambo zito hivyo na wanaolijua ni walimu na darasa zima, akianza kugoma kula na kujifungia chumbani mimi nitamsaidiaje?

Ila mkisema mzazi ndo mwenye kauli ya mwisho kwa kila kitu, hapo nashuka. Sisi wa Dodoma ndo tusiseme kabisa hivyo. Utafiti wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 47 ya wanawake wa mkoa huu wamekeketwa, na waliowapeleka kwa ngariba ni nani kama si mama, bibi na shangazi, watu waliowapenda? Sheria ya 1998 inamfunga mlezi miaka 5 mpaka 15 kwa binti wa chini ya miaka 18, basi wengine wakaona bora wakekete vichanga ili isijulikane. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe mzazi akikubali tu, ndo mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi akaenda mahakamani na Mahakama ya Rufani 2019 ikasema vifungu vile vinapingana na Katiba.

Kwa hiyo kwangu mpaka ni mwili wa mtoto, na mpaka huo ni wa mzazi, wa daktari na wa serikali pia. Ndo maana naona Uingereza walifanya sawa Desemba 2024 kuzuia dawa za kusimamisha balehe kwa watoto wa aina hii, baada ya ripoti ya daktari Hilary Cass kuona ushahidi wake ni dhaifu. Akifika 18 ataamua mwenyewe.

Lakini kusubiri si kumnyamazisha. Kijana wa kidato cha pili akikwambia anajiona tofauti halafu wewe ukakimbilia fimbo, kesho atamwomba mwalimu amfichie, na kusema kweli mwalimu atakuwa na sababu. Mwalimu akiona nyumbani kuna kipigo, aanze na afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto pale polisi, halafu mzazi aitwe wakae wote na mtoto akiwepo.