Ndugu wa mgonjwa mahututi: abaki nje au aingie?

Kwenye wodi za kawaida za hospitali nyingi za umma, Tanzania na Kenya, ndugu ni nusu ya uuguzi. Ndiye anayeleta uji, anayemwogesha mgonjwa na kumgeuza kitandani, anayekimbilia duka la dawa na cheti mkononi. Mgonjwa huyohuyo akihamishiwa ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, ndugu anageuka mgeni: dakika chache mchana, chache jioni, kisha benchi la nje. Ataitwa, ndiyo, dawa ikikosekana, damu ikihitajika au bili ikifika.

Wanaotetea mlango uliofungwa wana hoja, tena za watu wazoefu. Vitanda vimetenganishwa kwa pazia tu, na habari za jirani zinasikika. Wapo ndugu watakaomnywesha uji, kwa huruma kabisa, mgonjwa asiyeweza kumeza, uji ukaishia mapafuni. Wapo watakaofika kumi, wamebeba mafuta ya upako. Muuguzi mwenye wagonjwa watatu kwenye mashine za kupumulia atawasimamia saa ngapi?

Hoja inayotajwa kwanza, hata hivyo, huwa ni maambukizi, na hiyo imeshapimwa. Utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 2019, katika ICU 36, ulilinganisha utaratibu wa kawaida na ule wa kumruhusu ndugu hadi saa 12 kwa siku. Maambukizi hayakuongezeka, wala watumishi hawakuonekana kuelemewa zaidi. Haki isemwe: kuweweseka kwa wagonjwa, ambako watafiti walitarajia kupungue, nako hakukubadilika kwa kiasi cha kutegemewa, asilimia 18.9 kwa walioruhusiwa ndugu zaidi, dhidi ya 20.1 kwenye utaratibu wa kawaida. Waliopata nafuu ni ndugu. Wasiwasi na sonona vilikuwa chini kwao. Na walioruhusiwa saa 12 walikaa, kwa kipimo cha kati, saa 4.8 tu kwa siku. Watu wana kazi na watoto. Ila ndugu wale walipewa mafunzo kwanza, na anayetaka matokeo yale bila mafunzo yale anajidanganya.

Takwimu inayonisumbua mimi ni nyingine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, watafiti wa Ufaransa waliwafuatilia ndugu 284 wa wagonjwa wa ICU 21. Siku 90 baadaye, theluthi moja walikuwa na dalili za kiwewe. Kati ya walioshiriki maamuzi ya mwisho wa uhai, kama kusitisha mashine, wenye dalili walikuwa asilimia 81.8. Ukiisoma haraka unapata silaha ya kufungia mlango: kumbe kumshirikisha ndugu ni kumuumiza! Lakini utafiti ule haukuthibitisha kwamba kushiriki ndiko kulikoleta kiwewe. Aliyefikishwa kwenye uamuzi huo tayari alikuwa anafiwa. Na humohumo, kati ya walioona hawakuelezwa vya kutosha, wenye dalili walikuwa asilimia 48.4. Kutengwa nako kunaumiza.

Nadhani tunachanganya mambo mawili. Kumkabidhi ndugu mkono wa mgonjwa si sawa na kumkabidhi uamuzi. Kupaka mafuta miguu, kusafisha kinywa muuguzi akiwa pembeni, kumsemesha, kueleza kwamba baba hasikii kwa sikio la kushoto, kwa hiyo ukimwita upande huo utadhani hajitambui: haya ndugu anayaweza kuliko yeyote mle ndani. Uamuzi wa mashine ni wa kitabibu. Daktari aseme anachopendekeza na awaulize jamaa mgonjwa mwenyewe angetaka nini, badala ya kumsukumia mke fomu ya kusaini. Kwetu mzigo huo una mwiba wa ziada: anayelala kwenye benchi ni mke, mwenye kauli ni kaka mkubwa aliyefika jana kutoka mkoani, na lawama za msibani zitamwangukia mke.

Wodi yenye uhaba wa wauguzi haiwezi kuanza na saa 12, na hakuna sababu ya kuilazimisha. Ndugu mmoja kwa kila mgonjwa, yuleyule kila siku, aliyeelekezwa kunawa na asivyopaswa kugusa, aingie saa ya kuogeshwa. Hospitali isiyoweza hata hilo ipange angalau muda wa daktari kuketi na huyo ndugu kila siku, kabla ya kumtuma duka la dawa.