Pakti ya Viungo na Kopo la Samaki Havipimwi kwa Kipimo Kimoja

Ukishika pakti ya unga wa mdalasini pale sokoni Darajani, Unguja, na harufu ikakujia kabla hujaifungua, jua mshono wake umeachia. Mara nyingi chanzo ni kidogo tu: chembe za unga zimebaki mdomoni mwa mfuko wakati unabanwa kwa moto, plastiki ikashikana juu yake, ikabaki njia nyembamba ya kupitisha hewa. Mteja hatougua. Amenunua harufu iliyokwishapotea, na masika yakiingia unga wenyewe utagandana.

Wapo wanaotaka kila mzalishaji wa Unguja na Pemba apime uvujaji kwa mashine kabla bidhaa haijafika dukani. Si maneno ya kupuuza. Mwaka 1964, Aberdeen huko Uskochi, zaidi ya watu 500 waliugua homa ya matumbo. Ugonjwa ulihusishwa na nyama ya kopo kutoka Argentina, iliyopikwa vizuri lakini ikapozwa kwa maji machafu ya mto. Kopo la moto likipoa huvuta ndani, na penye tundu maji huingia.

Hofu hiyo ni ya zamani. Bryan Donkin, mhandisi wa Uingereza aliyeanzisha kiwanda cha vyakula vya makopo London mwaka 1813, aliyaweka makopo yake kwenye joto kwa takriban mwezi mzima, lililovimba halikuuzwa. Mashine za leo hazihitaji subira hiyo. Pakti hufungiwa ndani ya kijisanduku, hewa ikavutwa, pampu ikazimwa, kisha huangaliwa kama mgandamizo unapanda tena. Ukipanda, pakti inavuja. Na haikuharibiwa.

Lakini mashine hiyo si ya mama anayesaga pilipili manga nyumbani. Yeye anaweza kutoa pakti chache katika kila mkupuo, azizamishe kwenye beseni la maji, azikandamize na kuangalia mapovu. Matundu madogo sana yatampita, ila kwa viungo vikavu naona inatosha.

Kwa samaki waliofungwa kwenye mfuko uliovutwa hewa, beseni halisaidii kitu: hewa ya kutoa mapovu haimo. Na hapa watetezi wa mashine nao wanaruka jambo. Mfuko usiovuja hauponyi kilichomo ndani. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum, anayetoa sumu ya kuua, hustawi pasipo hewa. Dagaa ambao hawakukauka sawasawa, ukiwafungia humo bila baridi, ubora wa mshono unageuka kuwa hatari. Ukavu upimwe kwanza, mshono baadaye.

Kwa hiyo sharti la mashine liwabane wenye makopo na samaki wa kuvutwa hewa, wauza viungo waachiwe beseni lao. Na mashine iwe ya kuchangia, kwa ada ya kila mkupuo, moja Unguja na nyengine Pemba. Kumtaka mtu wa Micheweni, kule Pemba, avuke bahari na sampuli zake ni sawa na kumwambia asipime.