Zuhura ni nyota, si ua

Tafuta maana ya jina Zuhura kwenye orodha yoyote ya majina ya watoto, na mara nyingi utaambiwa ni "ua", au "mrembo", au "anayeng'aa". Hilo la tatu lina ukweli ndani yake. La kwanza ni maana ya jina jingine, na la pili limetiwa tu ili kumfurahisha mzazi. Zuhura ni nyota: ile nyeupe kali inayotangulia kutokeza magharibi jua likishatua, na ambayo miezi mingine huonekana mashariki kabla hakujapambazuka. Darasani tunaiita sayari, ya pili kutoka kwenye jua, na jina lake huko ni hilihili.

Mchanganyiko huu una chanzo chake katika Kiarabu. Mzizi wa z-h-r umebeba kung'aa na kuchanua kwa pamoja, na umezaa majina matatu yanayofanana masikioni. Zahra ni ua. Zahraa, lenye irabu ndefu mwishoni, ni mwanamke mwenye nuru usoni, na ndiyo lakabu ya Bi Fatuma binti wa Mtume. Zuhara, lenye u mwanzoni, ni sayari. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zigusane, ndiyo maana Bakri akawa Bakari, na Zahra kwetu akawa Zahara. Zuhara, ambalo wengi hulitamka Zuhra, likawa Zuhura, u ya kwanza ikivuta ya pili. Kwa hiyo anayetaka kujua binti yake ni nani aangalie irabu ya kwanza tu: a ni ua au Bi Fatuma, u ni nyota.

Wapo pia wanaolihusisha na adhuhuri, na wengine hufikia hata kuandika Dhuhura. Hilo ni kosa kabisa. Adhuhuri na dhahiri zinatoka kwenye mzizi mwingine, wenye herufi nyingine ya Kiarabu, na maana yake ni kudhihiri.

Nje ya Uswahilini jina hili lina ndugu wengi: Zühre kwa Waturuki, Zohreh kwa Wairani. Zohra wa Algeria ni wa kuangaliwa vizuri, kwani mara nyingi ni kipande cha Fatima Zohra, yaani Zahraa, wala si nyota. Wairani wana jina la pili la nyota hiyohiyo, Nahid, na Wakirigizi humwita binti Cholpon. Watu wa mbali sana wametazama taa moja angani na wote wakaona inafaa kuwa jina la mtoto wa kike.

Kwetu linajulikana kuanzia mwambao na visiwani hadi bara, na miaka ya karibuni limesikika zaidi kupitia watu maarufu. Zuchu wa Zanzibar, binti wa Khadija Kopa, jina lake halisi ni Zuhura. Zuhura Yunus alitangaza habari katika BBC, na mwaka 2022 akawa Mkurugenzi wa Mawasiliano ya Rais wa Tanzania. La kuvutia ni kwamba majirani zake wa angani hawakupata bahati hiyo. Humwoni binti anayeitwa Mirihi, Mshtarii au Zohali. Naamini elimu ya falaki ilichangia: humo Zuhura ni nyota ya heri, mwenye siku ya Ijumaa, anayetawala buruji za Ng'ombe na Mizani, ilhali Mirihi na Zohali ni nyota za nuksi. Mshtarii nayo ni ya heri, tena kubwa zaidi, lakini kulitamka kwake ni kazi.

Baadhi ya wazazi husita kwa sababu ya kisa cha mwanamke Zuhura aliyewapoteza malaika Haruti na Maruti kisha akageuzwa nyota. Aya inayowataja malaika hao, Al-Baqara 102, haina Zuhura ndani yake, na Ibn Kathir, mfasiri wa Kurani, alikihesabu kisa hicho kuwa miongoni mwa masimulizi ya Wana wa Israeli. Sioni sababu ya kumnyima mtoto jina zuri kwa ajili yake.

Jambo la kuhofia ni makaratasi. Cheti cha kuzaliwa kikiandikwa Zuhra, cha shule Zuhura na pasipoti Zuhara, binti ataambiwa hao ni watu watatu, na atalazimika kutafuta hati ya kiapo kuthibitisha kwamba ni yeye. Chagueni tahajia moja siku ya kusajili, na msome cheti herufi kwa herufi kabla hamjaondoka dirishani.

Kisha mwonyesheni nyota yake. Zuhura haiendi mbali na jua zaidi ya nyuzi 47. Ngumi iliyonyooshwa mbele ya uso hufunika kama nyuzi 10, kwa hiyo hata ikiwa mbali kabisa na jua hazifiki ngumi tano. Kwetu karibu na ikweta, nyota kali utakayoiona usiku wa manane si Zuhura. Huenda ni Mshtarii. Zuhura huonekana jioni kwa takriban miezi minane, hupotea siku chache, hurudi alfajiri kwa muda kama huo, kisha hufichwa na jua kwa wiki saba hivi. Mzunguko mzima ni siku 584, na mizunguko mitano ni miaka 8 kasoro siku mbili tatu.

Basi siku binti anapozaliwa, andikeni pembeni ya jina lake: jioni au alfajiri, ngumi ngapi kutoka upeo wa macho, saa ngapi. Ikiwa imefichwa na jua, andikeni siku ya kwanza itakapojitokeza tena. Akitimiza miaka 8, mtoeni uani saa ileile, apime kwa ngumi yenu. Ataikuta karibu palepale ilipokuwa, na akifika 16 ataikuta tena.