Kikumbo Peke Yake Hakimfikishi Winga NHL

Tanner Jeannot, winga (mshambuliaji wa pembeni) wa hoki ya barafuni, hakuchaguliwa na timu yoyote katika uteuzi wa vijana wa NHL, ligi kuu ya mchezo huo Amerika Kaskazini. Alikulia Saskatchewan, Kanada, akachezea Moose Jaw Warriors katika ligi ya vijana, akafunga mabao 40 msimu wa 2017-18. Ndipo Nashville Predators wakamsajili na kumpeleka Milwaukee, timu yao ya AHL, ligi iliyo ngazi moja chini ya NHL. Alipopata msimu wake wa kwanza kamili kule juu, 2021-22, alifunga mabao 24 na kupiga vikumbo 318, yaani kumgonga kwa mwili mpinzani mwenye paki, kile kisahani cha mpira kinachochezewa. Wengi walivishangilia vikumbo. Binafsi naona ile miaka ya kule chini, AHL, ndiyo iliyostahili kutazamwa zaidi.

Timu nyingi zina haraka na kijana mwenye mwili. Humpandisha mapema, humweka mstari wa nne, kundi la washambuliaji linalocheza kidogo zaidi, humpa dakika 6 au 7 kwa mechi, kisha humlaumu kwamba hakui. Atakuaje? AHL ina mechi 72, nyingi zikiwa wikiendi, wakati mwingine 3 kwa siku 3. Huko anaweza kucheza dakika 15, akakaa mbele ya kipa timu inapokuwa na mtu wa ziada kwa kuwa mpinzani ametolewa kwa kosa, na kulinda inapokuwa pungufu. Kazi hizo hazifundishwi benchini.

Kikumbo huanzia miguuni. Anayemfuata beki nyuma ya goli asimwendee moja kwa moja. Aje kwa mshazari, amfungie upande mmoja, amwachie njia ya ukutani tu, kwenye mbao zinazozunguka uwanja. Gongo litangulie kugusa paki, kisha bega likutane na bega, magoti yakiwa yamekunjwa na viatu vikiwa juu ya barafu. Akiruka, ni kosa. Akimkumba mtu mgongoni karibu na ubao, anatolewa dakika 2 au 5, na anaweza hata kufungiwa mechi. Kikumbo kinacholenga kichwa kina kanuni yake NHL tangu 2010, kanuni ya 48. Lakini kosa linalowagharimu zaidi vijana hawa halipigiwi filimbi: kumfuata mtu aliyekwisha kutoa pasi. Uwanja unalipuka kwa shangwe, huku wenzake wakirudi kulinda wanne dhidi ya watano.

Kisha kuna ukuta wa eneo la winga mwenyewe, upande wa goli lake, na hapa ndipo mawinga wengi wakubwa hukwama. Beki wake anampigia paki pembeni, chini kidogo ya mstari wa bluu unaotenga eneo hilo. Mgongo uko ubaoni, na beki wa upinzani anashuka kwa kasi kumbana. Winga ana kama sekunde moja. Lazima awe ameshatupa jicho nyuma kabla paki haijafika, aikinge kwa nyonga, kisha aamue: ampe senta anayepita katikati, au aigongeshe ubaoni ivuke mstari. Ikimnasa miguuni, wapinzani wanabaki langoni na wenzake waliochoka hawawezi kutoka ili wengine waingie. Kocha husamehe nafasi ya bao iliyopotea. Hili halisamehe mara mbili.

Ngumi? Zimepungua thamani. Tangu 2016-17, AHL humfungia mechi 1 mchezaji anayefikisha mapigano 10 kwa msimu, na kuanzia la 14 ni mechi 2. Anayetegemea ngumi peke yake hana tena ngazi ya kupandia.

Uzito nao una mtego wake. Zamu moja barafuni huchukua kama sekunde 45, na uwanja una urefu wa mita 61. Misuli iliyoongezwa kiangazi inayomfanya achelewe hatua 2 za kwanza ni hasara, kwa sababu asipofika hapati wa kumkumba.

Februari 2023, Tampa Bay Lightning walimchukua Jeannot kwa kumtoa beki Cal Foote pamoja na nafasi 5 za kuchagua vijana katika uteuzi, mojawapo ya raundi ya kwanza. Mabao 24 hayakurudi. Ule msimu mkubwa wa 2021-22, karibu shuti 1 kati ya 5 aliyopiga ilikuwa inaingia, na ni wachache mno wanaoweza kudumu hivyo. Hata hivyo, Julai 2025 Boston Bruins walimpa mkataba wa miaka 5. Kwa maoni yangu, walilipia paki inayotoka salama ukutani na beki anayeharakisha pasi kila anaposikia viatu vyake vinamkaribia.