Herufi mbili chini ya barua

Barua ya serikali hapa Ujerumani naisomea chini kabla ya juu. Chini kabisa, mbele ya jina la aliyesaini, pana herufi mbili: i. A. Kirefu chake ni "im Auftrag", yaani kwa kutumwa, kwa kukabidhiwa kazi. Mkuu wa ofisi akisaini mwenyewe haandiki chochote mbele ya jina lake. Makamu wake anaandika i. V. Wengine wote, mpaka yule dada wa chumba cha mwisho koridoni anayeshughulikia majina ya M hadi P, wanaandika i. A., na saini hiyo inaibana ofisi nzima kama vile mkuu mwenyewe ameshika kalamu. Juu ya barua kuna jina lake, chumba chake, simu yake ya mezani na namba ya jalada. Ni jambo dogo sana, na kila nikiliona napata wivu.

Wivu, kwa sababu sisi Watanzania herufi zetu ni tatu na tunazo siku zote: k.n.y., yaani kwa niaba ya. Juu tunaweka Kumb. Na., chini k.n.y. Mkurugenzi, halafu muhuri. Kwa sura barua zetu hazina upungufu. Upungufu uko kwenye safari ya jalada. Barua yako inapokelewa masjala, inagongwa muhuri, inapewa folio, inapanda kwa mkuu. Mkuu anaandika pembeni "shughulikia" na kuishusha kwa mkuu wa idara, naye anaandika "tuongee". Wakishaongea (wakiongea), inamfikia afisa. Afisa huyo ndiye pekee anayeijua sheria husika na ndiye pekee atakayelisoma jalada lako lote. Anaandika dokezo, anaandaa rasimu, na jalada linapanda tena ngazi zilezile. Atakayesaini mwisho anasoma aya ya mwisho ya dokezo. Akiwa safarini, jalada linamsubiri. Kaimu yupo, amekaimishwa kwa barua, ana mamlaka yote, lakini anakwambia kwa upole, "Hili tumwachie mwenyewe akirudi."

Najua kinachofuata. "Huyu keshajisahau." "Kakaa kwa Wazungu miaka mitatu, sasa k.n.y. yetu inanuka." Ndugu zangu, siwasifii Wajerumani kwa jambo ambalo sisi tulilipia kwa mgongo. Hamsa ishirini, viboko ishirini na tano vya Mjerumani, babu zetu waliijua kwa hesabu. Serikali ileile ya Berlin iliyokuwa ikimfundisha afisa wa huku kuandika sababu za uamuzi wake, kwetu ilimweka Bwana Mkubwa wa wilaya ambaye hukumu yake haikuwa na pa kukatiwa rufaa, na chini yake akida aliyetumwa kudai kodi na kulimisha watu pamba. Watu walipochoka mwaka 1905 yakaja Maji Maji. Hiyo i. A. haikuvuka bahari. Iliyovuka ni amri peke yake.

Na wenyewe hawakuzaliwa nayo. Oktoba 1806 Napoleon aliwavunja Waprusia, dola ya Kijerumani ya Berlin, pale Jena na Auerstedt kwa siku moja, na wiki zilizofuata ngome moja baada ya nyingine zikajisalimisha, Magdeburg ikiwemo, huku makamanda wakiwa na askari na baruti za kutosha. Maafisa wale walikuwa watoto wa makabaila waliofundishwa kungoja. Amri isipofika, hawana la kufanya. Ndipo majenerali wao, kina Scharnhorst, wakaanza kupangua. Agizo la tarehe 6 Agosti 1808 likasema cheo cha uofisa wakati wa amani kinapatikana kwa ujuzi na elimu, na wakati wa vita kwa ushujaa. Ukoo ukaondolewa kwenye maandishi, ingawa kwenye mioyo ulibaki muda mrefu. Kutoka hapo, polepole, likakua jambo ambalo wanajeshi wanalijua kwa neno lilelile la chini ya barua yangu: mkubwa anampa mdogo Auftrag, yaani lengo na sababu yake, na njia anaichagua aliye uwanjani. Mwaka 1888 likaingia rasmi kwenye kanuni za mafunzo ya askari wa miguu.

Waingereza nao wasitudanganye na suti. Jeshi lao la nchi kavu liliuza vyeo waziwazi mpaka mwaka 1871: kuanza chini kabisa kwenye kikosi cha kawaida cha miguu kulikuwa na bei rasmi ya pauni 450, luteni kanali pauni 4,500, na chini ya meza bei ilizidi. Wa mizinga na wahandisi tu ndio hawakuuziwa, kwa sababu mzinga haujali baba yako ni nani. Jeshi la maji lilikuwa limeshastuka mapema, mwaka 1677, Samuel Pepys alipoweka mtihani kwa kila anayetaka uluteni: hujui kuongoza meli, hupiti. Kwa watumishi wa serikali wasio askari, ripoti iliyotaka mitihani badala ya kujuana ilitoka mwaka 1854, na ushindani wa wazi ukaja 1870. Kwa hiyo anayedhani kujuana ni ugonjwa wa Mwafrika, hizo ni tarehe, azipangue.

Kwetu Mwingereza alimleta DC, mkuu wa wilaya, mtu mmoja aliyekusanya kodi asubuhi na kuketi kama hakimu mchana. Uhuru ulipokuja tulimbadilisha rangi, kiti tukakiacha. Mwaka 1962 mkuu wa wilaya akawa mteule wa kisiasa, na hapohapo katibu wa TANU wa wilaya. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Sheria hiyohiyo inadai kuwepo hofu ya kweli ya kuvunjika kwa amani na sababu ziwekwe kwenye maandishi. Saa 48 kila mtu anazijua. Sababu kwenye maandishi, ni wangapi wamewahi kuziona?

Hata msamiati wetu unashuhudia. "Afisa" ametoka kwa Mwingereza, na mzizi wake wa Kilatini, officium, ni wajibu, kazi unayodaiwa na mtu. "Afande" ni efendi ya Waturuki, bwana. Ililetwa na askari Wasudani ambao Wissmann, kamanda wa Mjerumani, aliwachukua Cairo mwaka 1889, na kwenye KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, vilevile ikakaa. Maneno yote mawili tumeyapokea, halafu yule aliyeitwa kwa wajibu tukamtendea kama bwana. Ukiingia ofisi yenye kiyoyozi unasema "mkuu" kabla hujasema shida yako.

Sasa hoja nzito, ambayo sitaikwepa: "Ukimwachia afisa mdogo saini, atauza." Kwanza, hesabu meza. Jalada lenye ngazi sita lina milango sita ya kuchomeka bahasha, na likikwama hakuna wa kumshika, maana kila mmoja alikuwa "anasubiri maelekezo". Saini yenye jina moja ina mtuhumiwa mmoja. Pili, Mtanzania anajua kuamua. Machi 1979, kwenye vita vya Uganda, pale Lukaya, Brigedi yetu ya 201 ilirudi nyuma kwa mkanganyiko mbele ya vifaru na roketi za Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali kaskazini-magharibi, ikageuzwa kuja kuwakatia njia, na kesho yake mambo yakageuka. Aprili, JWTZ, jeshi letu, wakawa Kampala. Jalada lile lingepitia masjala, Walibya wangekuwa wameoga Kagera.

Tena jeshi hilo lilianza wapi? Januari 1964 Tanganyika Rifles, jeshi tulilorithi kwa Mwingereza, waliasi pale kambi ya Colito, Dar es Salaam, moja ya sababu ikiwa ni maafisa wa Kiingereza waliobaki juu yao miaka miwili baada ya uhuru. Likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo ikazaliwa JWTZ. Tulijenga uofisa upya tukiwa maskini wa kutupwa, na hatujawahi kupinduliwa. Uganda walirithi effendi wa KAR aliyepandishwa haraka haraka, akaitwa Amin. Kwa hiyo msiniambie eti hatuwezi. Mnanikasirisha zaidi mnaposema hatuwezi kuliko mnaposema naringa.

Utii wa huku nao uliwahi kuoza. Agosti 1934 kila mwanajeshi aliapishwa kwa jina la Hitler mwenyewe, na watumishi wa umma wakafuata, na wengi wakajificha nyuma ya kiapo hicho. Ndiyo maana tangu 1956 sheria ya wanajeshi wao inakataza kutekeleza amri ambayo ni jinai. Mtumishi wa raia ana hatua zake: ukiona agizo si halali, unamwambia mkuu wako bila kuchelewa; akishikilia, unapanda kwa mkuu wa juu yake; naye akithibitisha, unatekeleza lakini lawama imekuondoka, na unaweza kudai uthibitisho huo kwa maandishi. Jinai au jambo la kuvunja utu hutekelezi kabisa. Huo ndio ufundi wenyewe. Afisa mdogo anathubutu kusaini kwa sababu anajua lawama inaishia wapi.

Wazembe wapo huku pia, tele. Wapo wa "hili si la kitengo changu", na miadi ya kumwona mtu inangojwa miezi. Ila uamuzi ukitoka una sababu zake, na chini unaandikwa mahali pa kupinga na muda wa kupinga, kwa kawaida mwezi mmoja. Wakisahau kuandika, muda wako unakuwa mwaka. Wakikaa kimya miezi mitatu bila sababu ya maana, unaweza kwenda mahakamani kwa huo ukimya wao.

Wakenya wameshaiweka haki ya kupewa sababu kwa maandishi kwenye ibara ya 47 ya katiba yao ya 2010, kwa hiyo msiseme ni mambo ya baridi na theluji. Sisi tuanzie hata pale kwenye k.n.y.: jina linalosomeka, cheo, sababu mistari miwili, na tarehe ya mwisho ya kupinga. Nafasi ipo kwenye karatasi. Muhuri upigwe pembeni, usije ukafunika jina.